Koo la Katekista

Katekista wetu alikuwa na kikohozi ambacho sisi watu wa Misunkumilo tulikielewa vibaya kwa muda mrefu. Zamani, alipokuwa mzima, hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alifika uwanjani kwako, akasimama, akakohoa mara moja, basi. Ukisikia hicho kikohozi unaficha chupa kama unayo, unapunguza redio, unamwambia mtoto avae shati. Kwa hiyo alipoanza kukohoa kila saa, kanisani, njiani, hata akiwa amekaa peke yake, watu wakasema mzee anatuonya, kuna kitu anakijua. Wengine wakaanza kujichunguza. Na mimi nilijichunguza, nisiseme uongo, maana mjane akikoholewa anakumbuka mambo.

Kumbe mtu wa watu alikuwa anapaliwa na mate yake mwenyewe.

Jina lake silitaji. Hapa kwetu hakuna aliyekuwa anamwita jina, hata marehemu mke wake alikuwa anasema, "Katekista, maji ya kuoga tayari." Sasa binti yake amemchukua, wako Sumbawanga, na nikimwaza simwazi kwa jina. Namwaza kwa koo.

Koo lile, jamani, nyie hamkulisikia! Kwenye mazishi yetu zamani hakukuwa na spika. Mnasimama makaburini, upepo unapiga, wanawake wanalia, halafu Katekista anaanzisha litania ya watakatifu. Mtu wa baiskeli barabarani anashuka, anavua kofia, na hata hajui aliyekufa ni nani. Padri alikuwa anafika kigangoni kwetu mara moja moja tu, ana vigango vingi. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa ni lile koo.

Na kula alipenda. Ukimkaribisha ugali wa dona na mgebuka wa kukausha, samaki wa ziwani kule Karema, unasahau kwamba huyu ndiye aliyekuhubiria mfungo. Alikuwa anasema, "Tonge ni la kupeleka, siyo la kubembeleza." Akalipeleka kweli. Unaona koo linapanda na kushuka mara moja, na mkono umesharudi kwenye sahani. Sisi watoto tulikuwa tunamchungulia dirishani kuhakikisha kama anatafuna.

Misemo yake mingi ilihusu mdomo. Ukimsengenya mtu mbele yake, "Mdomo wako ni mlango wa tabernakulo, siyo geti la stendi." Lakini yeye huyo huyo akija kunywa uji kwangu, maana mimi ni muuza uji hapo barabarani, anakaa kwenye benchi, anapangusa kijiko kwa leso yake, anasema, "Sitaki umbea." Unanyamaza. Anakunywa kidogo. "Ila yule wa pale kona, ameondoka kweli kwa mume?" Haya, unamsimulia, anatikisa kichwa kwa masikitiko, anasema tumwombee. Kesho yake anauliza tena kama amerudi.

Alihubiri unyenyekevu na hakukaa kwenye kiti kisicho na mgongo. Alikataza pombe, na togwa yake aliitaka iliyolala siku za kutosha, mpaka inauma ulimi. Ukimwambia hii imeshakuwa kitu kingine anasema, "Ni chachu tu. Hata Bwana aliisema chachu." Ungefanya nini? Unamtilia.

Lakini kwa watoto alikuwa mkali, na hapo ndipo nilipomjua mimi kabla ya yote. Katekista ndiye aliyetufundisha Komunyo ya Kwanza. Jumamosi ya mwisho tunafanya mazoezi kwa hostia ambazo hazijabarikiwa, zile kavu. Tunapanga mstari, anatuwekea ulimini, tunarudi kwenye benchi, halafu anapita mmoja mmoja. "Fungua." Unafungua mdomo, anainama, anatazama kote. Kama imepita anasema, "Imepita," anakwenda kwa mwenzako. Sheria ilikuwa hutafuni, hunyonyi kama pipi, na mkono wako usiguse kinywa, hata dunia ikipinduka. Kidole kilichokuwa puani asubuhi hakiendi kwa Bwana. Tulicheka, akatuchapa tuliocheka.

Siku yenyewe, mimi na gauni langu jeupe la kuazima, hostia ikaganda juu. Kwenye kaakaa, kule ulimi unapapasa na haufiki. Koo likakauka. Nikaona nitakufa na Mwili wa Bwana umekwama. Nikaingiza kidole.

Aliniona. Misa ilipoisha, wakati watoto wengine wanakimbilia pilau, alinishika mkono akaniinua mbele ya wazazi wote, akakishika kile kidole akakinyanyua juu watu wakione. "Hiki hapa," akasema kwa lile koo la makaburini. Mama yangu aliangalia chini mpaka tumefika nyumbani. Kuanzia siku hiyo shuleni nikaitwa Kidole, na mpaka naolewa kulikuwa na watu wananiita hivyo. Mpaka juzi juzi nikienda kupokea nilikuwa nafumbata mikono kwapani, na watu wanadhani ni ibada. Haikuwa ibada, ilikuwa aibu.

Sasa mtu huyo ndiye aliyepata kiharusi. Kilikuwa kidogo, kile wanachosema cha kupita. Mdomo ulivutika upande, mkono ukalegea, na baada ya muda si mrefu akawa anatembea, anashika fimbo kwa urembo tu. Tukamshukuru Mungu, tukasema amepona. Kuimba hakuimba tena, akasema mafua. Kwenye harusi akawa hagusi chakula, akasema amefunga. Na Jumapili, watu wakisimama kwenda kupokea Komunyo, yeye akabaki kwenye benchi.

Hapo sasa lazima nikueleze kitu cha kwetu. Mtu mzima akibaki kwenye benchi wakati wa Komunyo hakuna anayemuuliza kwa nini. Tunasema tu, "Fulani hapokei," na yatosha. Mtu hapokei kwa sababu, na tunaamini sababu huwa ni moja: kuna mwanamke mahali. Hatuwazi kwamba mtu anaweza kubaki kwenye benchi kwa sababu ya koo. Sijui kama kuna kigango chochote kinachowaza hivyo.

Basi ikawa Katekista hapokei. Mzee aliyewakatalia wenzake ndoa, aliyewafungia watu nje ya sakramenti kwa maneno ya jirani, leo hapokei! Watu walikula hilo neno asubuhi, mchana na jioni.

Mimi nilijua ukweli mapema kuliko wote, na sikuutafuta. Alianza kuja kwenye uji wangu saa ambayo wateja wamekwisha, sufuria iko mwishoni. Anakohoa, anakaa akiwa ametazama ukuta.

"Uji upo?"

"Upo wa chini, Katekista, umeshakuwa mzito."

"Huo huo."

Siku moja nikageuka ghafla nimpe sukari, nikaona uji unamtoka puani. Machozi yamemjaa, mkono umeshika benchi, uso umekuwa wa rangi nyingine. Nikasema, "Mama wa Mungu!" Akanionyesha kwa mkono nisipige kelele. Akakohoa mpaka ikatulia, akajifuta kwa leso, akaikunja vizuri kama ilivyokuwa.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi umeona. Usiseme kwa mtu."

Ndipo akanieleza, ameinamisha kichwa, maneno yanatoka kwa mafungu. Kiharusi kilichukua koo. Maji yanakimbilia kwenye mapafu, ameshalazwa kwa nimonia na kwa watu akasema malaria. Hospitali dada wa mazoezi amemwambia asinywe vitu vyepesi kama maji, anywe vizito, na koo linaweza kurudi kidogo kidogo likifanyishwa kazi, kama mkono ulivyorudi. Amemfundisha mazoezi. Lakini asiyafanye peke yake wala asile peke yake. Awepo mtu wa kumtazama, na akimaliza amchungulie mdomoni kama kimebaki kitu.

"Si mkamwana wako yupo pale nyumbani?" nikamuuliza. Mwanawe ni dereva wa lori, haonekani, lakini mke wa mwanawe yupo na watoto.

Akaniangalia kama nimetukana. "Mkamwana anichungulie mdomoni?"

Ni kweli, nilisema kijinga. Mkamwana kwa baba mkwe hata sahani anaiweka anaondoka. Akimkuta anakula anarudi nyuma. Yule mkamwana alikuwa anamsikia mzee anapaliwa chumbani na anakaa jikoni analia, hawezi kuingia, na mzee naye anajua analia. Wote wawili wanakufa kwa heshima.

"Na kwa nini mimi?" nikauliza.

"Wewe unajua uji," akasema.

Cha kidole hakukitaja. Na mimi sikukitaja.

Uji niliujua, hapo hakukosea. Nikawa namwekea wake pembeni, wa ulezi, bila karanga kwa sababu punje zinamkwaza, nimeuchuja. Ukiinua kijiko usimiminike, ujivute ushuke kwa uvivu. Asubuhi nikimaliza biashara anaingia uwanjani kwangu, ndani ya uzio wa matete, tunafunga geti. Hilo geti ndilo lililotuponza baadaye.

Kwanza anafanyisha koo. Anameza mate kwa nguvu zote, kama anameza kiazi kizima, mishipa inasimama. Halafu anauma ncha ya ulimi kwa meno, ulimi umetoka nje, anameza hivyo hivyo mate matupu. Jaribu uone kama ni mchezo. Mate yanamshuka kwenye kidevu, mzee yule aliyetukataza hata kupiga miayo kanisani, na ulimi uko nje mbele yangu. Sikujua niweke wapi macho. Nilitazama kuku.

"Unatazama wapi?" akaniuliza. "Umeambiwa unitazame mimi."

Halafu sauti. Anaanza chini, "iiii," anapandisha, anapandisha, mpaka sauti inakatika. Koo la litania hilo, linakatika kama la mtoto anayebalehe. Halafu mkeka. Anavua viatu, analala chali bila mto, mabega chini, ananyanyua kichwa peke yake atazame vidole vya miguu, anakaa hivyo mpaka shingo inatetemeka. Soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Alikifunika kwa mguu wa pili. Hata pale, amelala kwenye mkeka wa mwanamke mjane anahema, alikuwa anaona aibu ya soksi.

Mwisho uji. Kidevu chini karibu na kifua, kijiko kidogo, meza, kohoa, meza tena. Halafu nimkague. Siku ya kwanza neno lilinishinda.

"Sema," akaniambia.

"Siwezi, Katekista."

"Unalijua. Sema."

"Fungua," nikasema.

Akafungua. Jamani, sikuwahi kufikiri kwamba mdomo ule una ndani. Meno machache, ulimi umelalia upande mmoja, na uji umebaki kwenye shavu lililolegea, yeye hata haujui. Macho ameyafumba. Alikuwa anangoja hukumu yangu, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulichekelea. Kidogo tu. Halafu nikaona aibu mpaka masikio yakawaka, nikasema haraka, "Bado, shavu la kushoto." Akameza tena.

Akazoea. Akaanza hata kunifokea kwamba nakagua kwa uvivu. "Mimi niliwakagua nyie mpaka chini ya ulimi," anasema. Nikamjibu, "Na fimbo ulikuwa nayo. Nipe na mimi fimbo." Akacheka, akapaliwa, nikamwambia ndiyo adhabu yake. Tulikuwa tumefika hapo, karibu utani. Na koo lilianza kurudi, naapa, uji ukawa hautoki puani tena.

Sasa jirani yangu mmoja alipotelewa na kuku. Kutafuta kuku siyo dhambi. Akachungulia juu ya uzio. Akaona Katekista amelala chali kwenye mkeka wangu, viatu pembeni, na mimi nimechutama namwambia, "Ongeza, ongeza, usilegee." Na siku zote hizo alikuwa anasikia ile "iiii". Hebu wewe ungefikiri nini? Ndiyo maana simlaumu sana. Namlaumu kiasi.

Kabla ya mchana ilikuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu, hizi nyumba za jirani tunazosali pamoja kila wiki. Nilikuta ujumbe umefutwa, na mwingine umefutwa, na chini yake mwenyekiti wetu, mama mmoja mwenye sauti nyororo, ameandika: "Tuwaombee wajane wote wa mtaa wetu, shetani hana likizo." Na mikono ya kusali, mingi. Wateja wanawake wakaanza kunywa uji kwa mwenzangu wa kule Nsemulwa. Wanaume wakaongezeka, na hao ndio walinikera zaidi, wanavyonitazama.

Nilivumilia. Nilikuwa nimemwahidi mzee. Lakini jioni moja binti yangu Skola akapiga simu kutoka Tabora anakosoma. Hakusalimia vizuri. Akasema, "Mama, ni kweli?" Mtoto niliyemlea peke yangu kwa sufuria ya uji. Nilimwambia siyo kweli, akauliza, "Sasa anafuata nini kwako?"

Asubuhi yake Katekista alipokuja nilikuwa nimesimama getini.

"Katekista, kesho usije."

"Uji umekwisha?"

"Uji upo. Maneno ndiyo yamejaa."

"Najua," akasema.

Nikadhani sijasikia. "Unajua?"

"Koo ndilo bovu, masikio ni mazima."

"Unajua, na umekaa kimya!"

Akaegemea fimbo. "Mama Skola, mzee kusingiziwa mwanamke ni jambo dogo. Watu wanacheka, inaisha. Wengine wanakuheshimu hata. Lakini wakijua Katekista anadondosha mate, anakaguliwa mdomo kama mtoto mchanga, nani atanisikiliza tena? Bora waseme hivyo."

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu hapa anajua. Lakini siku ile hasira haikuja, ilikuja sauti ndogo tu. Nikamuuliza, "Na mimi je?"

Alifungua mdomo akaufunga. Nikaona kwa macho yangu kwamba hilo hakuwahi kuliwaza. Alikuwa amechukua jina langu akajifunikia, na hakuona kwamba mimi nimebaki wazi. Akageuka akaenda zake. Aliteleza kwenye tuta la jirani akajishika, na sikwenda kumsaidia.

Wiki hiyo hiyo zamu ya jumuiya ilikuwa kwangu. Ukiwa na zamu unafagia, unaazima mabenchi, unatandika kitambaa mezani na msalaba na mshumaa, na watu kwa kawaida hawatoshi uwanjani. Walikuja wanawake wachache wa kuhesabu kwa kidole, na mwenyekiti kwa sababu hana namna ya kukosa. Alikaa mwisho wa benchi, nusu nje, kama anaogopa kuambukizwa. Jirani wa kuku naye akaja, kuona. Nikapitisha vitabu vya nyimbo.

Tukiwa tumefika kwenye Injili, getini mtu akakohoa.

Hakuna aliyegeuka, na wote tulimjua. Akaingia na ile fimbo, amevaa koti la Jumapili. Akapita kiti cha mgongo nilichokuwa nimekiweka kwa mazoea, akaketi kwenye kigoda, katikati ya wanawake. Mwenyekiti akamaliza kusoma kwa haraka haraka. Wakati wa maombi, kila mtu akingoja mwenzake, Katekista akasema, "Mama Skola, leta uji."

"Katekista, tuko kwenye sala."

"Na hii ni sala. Leta uji wangu."

Nikaleta. Kijiko kinagonga bakuli. Akaliweka chini kwanza.

"Nyie akina mama," akasema, "mnasema nafuata kitu hapa. Ni kweli. Sasa umeni ulimi, ncha, kwa meno. Wote. Halafu mmeze mate."

Wakatazamana. Lakini huyu ndiye aliyewafundisha wengi wao Baba Yetu, na mkono uliokuchapa utotoni huusahau. Wakauma ndimi. Mwenyekiti naye, taratibu, kwa aibu. Wakajaribu kumeza. Mate yakamdondokea mwenyekiti kwenye kitenge kipya, jirani wa kuku akapaliwa, mwingine akacheka ulimi ukiwa nje, ikawa vurugu.

"Ngumu, eeh?" Katekista akasema. "Mimi nimelifanya hilo kwenye mkeka huu kila siku. Mnaosikia 'iiii', ni mimi, nafundisha koo. Kiharusi kimelila. Maji siwezi kunywa. Hostia siwezi kumeza, ndiyo maana sipokei. Hakuna mwanamke."

Kisha akachukua bakuli awaonyeshe, na kwa sababu ya kusema maneno mengi, au kwa sababu ya yale macho yote, akasahau kidevu. Akapeleka kijiko kama zamani alivyokuwa anapeleka tonge. Kikaingia vibaya.

Sitaki kuisimulia sana hiyo. Uso ulibadilika, pumzi ikawa haitoki, fimbo ikaanguka. Mwenyekiti akapiga yowe. Mimi sikujua nimefikaje mbele yake, nilijikuta nimepiga magoti nimemshika mabega, nampigia kelele mzee wa watu mbele ya wageni: "Kidevu chini! Kohoa! Kohoa, baba, kwa nguvu! Tena!" Akakohoa. Uji ukamtoka mdomoni na puani, kwenye koti la Jumapili, kwenye mikono yangu. "Tena! Sasa meza. Meza tena." Akameza. Akavuta hewa kwa mlio.

"Fungua," nikamwambia.

Akafungua, mbele yao wote, na machozi yanamtiririka, sijui ya kupaliwa au ya nini. Nikatazama kote. "Imepita."

Akajifuta kwa leso, hakuikunja. Akawaambia wale wanawake, sauti ikiwa imekwaruzika, "Mmeona. Hii aibu ni yangu, msimpe huyu."

Mwenyekiti, na yeye anajifuta kitenge, akasema polepole, "Sasa Katekista, si ungesema tu mapema?"

"Wewe ungesema?" akamuuliza.

Samahani sikuombwa na mtu. Kwenye kundi jioni waliandika, "Jumuiya imefana sana kwa mama Skola." Wanawake wakarudi kwenye uji, mmoja mmoja, wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Skola nilimpigia nikamweleza, akacheka, halafu akalia. Na yule mkamwana alikuja kwangu, akajifunza uzito wa uji na mazoezi yote, akawa anamtazama mkwewe kupitia pazia la mlango, amesimama upande wa pili. Walipatana hivyo. Anauliza, "Baba, imepita?" Na mzee anajibu.

Padri alipoambiwa alisikitika kwamba hakuambiwa, akasema kumbe ni jambo dogo, kanisa lina utaratibu wake, hata chembe ni Mwili mzima. Basi Jumapili moja, kabla binti yake hajaja kumchukua kumpeleka Sumbawanga, Katekista alisimama kwenye mstari wa Komunyo. Aliniita nikae nyuma yake. Kanisa lote lilimwona akisimama, kwaya ikakosea ubeti.

Padri akavunja kipande kidogo kuliko ukucha. "Mwili wa Kristo." "Amina," kwa lile koo lililobaki. Akasogea pembeni, kidevu chini, akameza, akakohoa, akameza tena. Kisha akanigeukia na kufungua mdomo, watu wote wakitazama, watoto wa Komunyo ya Kwanza wako benchi la mbele wameduwaa.

Nikachungulia. Kipande kilikuwa kimeganda juu, kwenye kaakaa, ulimi wake unakipapasa na haufiki. Mahali pale pale.

"Bado," nikanong'ona.

Alinitazama. Alinitazama muda mrefu, na nikaona amekumbuka, au labda hakuwahi kusahau. Akanyanyua mkono wa kulia, taratibu, juu, kwa namna ambayo hata waliokaa nyuma kabisa wangeona. Akanyoosha kidole kimoja. Akakiingiza mdomoni, akakibandua kile kipande, akameza.

Ukubwani kwangu kote nilikuwa naiwaza siku kama hiyo, siku ambayo na yeye atasimama mbele za watu na kidole chake. Nilidhani nitafurahi. Nilitaka kuvua kanga yangu nimfunike, nikaona aibu kwamba niliwahi kuitamani.

"Fungua," nikamwambia. Akafungua. "Imepita."

Padri alikuwa bado ananingoja, hostia mkononi. Nikasogea mbele. Mikono nilikuta nimeiacha inaning'inia tu, sikuifumbata. Nikasema Amina, nikafungua mdomo, na Katekista hakurudi kwenye benchi lake. Alisimama pale pembeni, ameegemea fimbo, akingoja nimeze.